Msiniandike Msafishaji

Mkaguzi aliingia bila kubisha hodi, na aliyemkuta kazini ni Hanadi.

Alikuwa amepiga goti mbele ya Hajj Munif, mzee mwenye mashamba ya machungwa upande wa Qasmiya, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mzima wa kushoto. Mkono mmoja wa Hanadi ulishika goti la mzee, wa pili ulimkaza kiunoni.

"Usiutazame mguu, Hajj. Nitazame mimi, halafu simama."

"Nikianguka?"

"Ukianguka utaniangukia mimi, na mimi ni mke wa mtu. Itakuwa kashfa mjini. Kwa hiyo usianguke."

Mzee alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu, akasimama. Alisimama sawasawa, goti limenyooka, kisigino chini. Hanadi alikuwa hajamaliza kufurahi aliposikia kikohozi mlangoni.

Rola, mwenye kliniki, alitoka chumba cha nyuma na kikombe cha kahawa mkononi. Alipoona mkoba wa ngozi na kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa yule bwana, uso ulimbadilika. Bwana huyo alikuwa mtu wa Baraza. Baraza ndilo linaloandikisha wataalamu wa fiziotherapia, na asiye na kadi yake haruhusiwi kumshika mgonjwa kwa malipo. Kadi ya Rola ilikuwa ukutani, imetiwa fremu. Hanadi hakuwa na kadi. Wawili hao walisoma darasa moja Beirut, wakafanya mitihani ile ile, wakavaa majoho siku moja na kupigwa picha wamekumbatiana. Lakini Hanadi ni Mpalestina wa kambi ya Burj Shamali, mjukuu wa mtu aliyeingia Lebanoni kwa miguu, mfukoni ana ufunguo wa nyumba aliyoikimbia, na kadi ile ni ya raia.

"Huyu ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Huyu?" Rola aliweka kikombe mezani taratibu mno. "Huyu ni wa usafi. Ananisaidia hapa na pale. Mzee alitaka kuteleza, akamdaka." Kisha, bila kumtazama Hanadi usoni, akachukua fimbo ya kupigia deki iliyoegemea ukuta akamkabidhi. "Hanadi, mpenzi, kule bafuni pamejaa maji."

Hanadi aliipokea. Siku nyingi baadaye alijiuliza kwa nini aliipokea, asipate jibu ila kwamba mtu akinyooshewa kitu na rafiki yake, mkono huenda wenyewe.

Hajj Munif alikuwa bado amesimama, hakuna aliyemkumbuka.

"Msafishaji?" alisema. "Muda wote huu nimekuwa nashikwashikwa na msafishaji?"

Mkaguzi alikuwa anaandika.

*

Umm Nidal, mama mkwe, alikuwa amekaa barazani na sinia la mboga ya mulukhiya mapajani, anachambua majani. Alisikiliza kisa chote mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Na sasa Rola anatakaje?"

"Tumeitwa mbele ya Baraza. Anataka nitie saini kwamba mimi ni msafishaji na siku ile nilimdaka tu mzee. Nikitia, yanaisha. Nabaki na kazi yangu."

"Basi tia."

"Mama."

"Mama nini? Jina la kazi halichemshi chungu. Hapo uchochoroni pana mtu anaitwa Emir, jina la kifalme, na kazi yake kuuza ndimu. Umemsikia akilalamika? Tia saini, mwanangu, halafu ingia ndani unioshee haya majani, maana wewe si msafishaji?"

Alikusudia utani, lakini Hanadi alinyanyuka akaingia ndani bila kuyachukua.

Nidal, mumewe, alirudi jioni na vumbi jeupe nywelini. Alikuwa fundi wa vigae, na hodari, watu wa mji wa Sur wenye majumba walimgombania. Alinawa, akaketi, akaweka kipande cha mkate juu ya goti, akamsikiliza. Hanadi alitegemea angekasirika. Alikuwa na hamu ya kuona mtu mwingine akikasirika.

"Tia saini," Nidal akasema.

"Hata wewe?"

"Mimi nilisoma nini, Hanadi?"

"Najua ulichosoma."

"Sema."

"Uhandisi."

"Uhandisi wa ujenzi. Nikipiga magoti kwenye sakafu ya mtu, anakuja mhandisi wao, kijana, ananionyesha mteremko wa maji uende wapi, na anakosea, nami namwambia ndiyo bwana. Halafu natia mteremko unavyotakiwa, nalipwa, narudi. Nilikufa?"

"Hukufa."

"Basi."

"Hukufa," Hanadi akarudia, "lakini lini ulipita mbele ya jengo ulilolifanyia kazi ukamwonyesha Layan ukasema, hili kalijenga baba yako?"

Nidal aliacha kutafuna. Umm Nidal, aliyekuwa anaingia na sufuria, alisimama mlangoni kisha akarudi jikoni kimya kimya, jambo ambalo si desturi yake.

"Layan ada yake ya shule inatakiwa mwezi ujao," Nidal akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Basi usinifundishe mimi aibu. Ya kwangu nimeizoea. Nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na wewe."



*

Rola alikuja kambini siku iliyotangulia kikao. Hakuingia. Alisimamisha gari ng'ambo ya kizuizi cha wanajeshi, akapiga simu, na Hanadi akamfuata, wakakaa ndani ya gari na vioo vimepandishwa. Alikuwa amenunua keki za jibini, kama walivyozoea walipokuwa wanafunzi hawana senti. Boksi lilikaa katikati yao, hakuna aliyelifungua.

"Nina mkopo wa mashine zile," Rola akasema. "Nina baba anayetaka dawa. Wakinifungia kliniki nimekwisha. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Na mimi ndiye niliyekupa kazi wakati kila mtu aliogopa. Sikukupunja. Uongo?"

"Si uongo."

"Basi nifanyie hili moja. Ni karatasi, Hanadi. Mimi na wewe tunajua ukweli."

"Hajj Munif hajui," Hanadi akasema. "Ulimwona uso wake? Alijitazama mkono kana kwamba nimeuibia kitu. Mtu ambaye nilimkuta hawezi kugeuka kitandani."

"Nitamweleza."

"Utamweleza vipi? Utamwambia kwamba kwa wakubwa mimi ni msafishaji, ila kwa siri mimi ni mtaalamu? Na kesho akija mgonjwa mwingine? Nitakuwa natibu watu kwa siri mpaka lini, kama mtu anayeuza bangi?"

Rola alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Kwa hiyo utasema nini?"

"Sitasema ulinilipa nini wala tangu lini. Sitasema neno juu yako. Wakiniuliza mimi ni nani, nitawaambia."

"Ni kitu kile kile."

"Yaweza kuwa."

"Wewe huna cha kupoteza," Rola akasema, na mara akajuta, ikaonekana. Lakini neno likishatoka ni kama jiwe lililotupwa. Hanadi alifungua mlango wa gari.

"Chukua keki za mtoto angalau."

"Wapelekee Baraza," Hanadi akasema.

*

Kikao kilikuwa katika chumba chenye meza ndefu na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji ndani ya ndoo. Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti laini. Alimsogezea Hanadi kiti mwenyewe na kumuuliza kama angependa chai. Kushoto kwake aliketi mama mmoja mwenye miwani, na kulia yule mkaguzi na mkoba wake.

Rola ndiye aliyeulizwa kwanza. Alisema aliyoyapanga: msafishaji, mzee aliteleza, bahati mbaya. Alisema haraka, macho kwenye ile ndoo.

"Vizuri," mwenyekiti akasema. "Na wewe, bibie, unathibitisha?"

"Hapana," Hanadi akasema.

Tone la maji lilisikika likianguka ndooni.

"Huthibitishi nini?"

"Kwamba mimi ni msafishaji. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia."

Mwenyekiti hakukasirika. Alivaa miwani, akafungua kitabu cha sheria pale palipowekwa alama, akasoma kwa utaratibu, kama mwalimu anayemsomea mtoto anayempenda. Mtaalamu wa fiziotherapia ni raia mwenye shahada inayotambuliwa, ambaye jina lake limo katika rejista. Akakifunga.

"Shahada ninayo," Hanadi akasema. "Ina mihuri yenu."

"Hakuna anayeikataa."

"Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu mwenye shahada ya fiziotherapia."

"Ila si mtaalamu wa fiziotherapia."

"Kisheria, hapana."

"Na mgonjwa akinijia hawezi kusimama, nikamfanyia kazi, akasimama?"

Mwenyekiti alimtazama mkaguzi, mkaguzi akatazama mkoba. "Kisheria," mwenyekiti akasema, "huyo alisimama mwenyewe."

Mama mwenye miwani alicheka, kisha akaona haya, akafunika mdomo. Mwenyekiti naye alitabasamu kidogo, akainama mbele.

"Binti yangu, sheria sikuitunga mimi. Sisi Walebanoni wenyewe tuna vijana wenye shahada na kadi wanauza simu barabarani. Nikikufungulia wewe, nitawaambia nini wao?"

"Nawajua hao. Wengine nimesoma nao," Hanadi akasema. "Sikuwafungia mlango mimi. Hata nikikaa nyumbani mpaka nife, simu wataendelea kuuza."

"Basi nisikilize." Aliisukuma karatasi mbele. "Hapa pameandikwa msafishaji. Msafishaji hana kosa lolote. Tia saini, mwenzako apate onyo tu, sote twende tukale chakula cha mchana. Nakuonyesha njia ya kutoka, na sijui kama kuna atakayekuonyesha nyingine."

Hanadi aliitazama karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri. Jina lake lilikuwa limekwisha wekwa, imebaki saini tu. Kalamu ilikuwa karibu. Alimfikiria Layan, akamfikiria Nidal na kipande cha mkate juu ya goti. Alisikia Rola pembeni yake akisema kwa sauti ya kunong'ona, "Hanadi, tafadhali."

"Mama yangu alikuwa msafishaji," Hanadi akasema. "Alipiga deki shule moja mpaka mgongo ukapinda, ili mimi nisome. Angekuwa hai angekaa hapa mkamwandika msafishaji, naye angetia saini bila haya, kwa sababu ni kazi na aliifanya. Mimi sijaifanya. Msiniandike msafishaji. Niandikeni ninachokifanya. Mkiona ni kosa, andikeni ni kosa."

Mwenyekiti alivua miwani. Alionekana amechoka ghafla, kama mtu aliyemkaribisha mgeni mezani mgeni akakataa chakula.

"Haya," akasema. "Umechagua wewe."

Kliniki ya Rola ilifungwa hadi mwisho wa mwaka. Hanadi alionywa kwamba yeyote anayejiita kwa jina la kazi ile bila kadi ametenda kosa, na safari ijayo haitakuwa chai wala kiti, itakuwa polisi.

Kwenye ngazi, Rola alimngoja. Wanja ulikuwa umemchuruzika.

"Umefurahi?"

"Hapana."

"Ningekuita msafishaji kwenye karatasi tu. Si mdomoni, hata siku moja."

"Mdomoni ulikwisha niita, Rola."

Rola alishuka ngazi peke yake, viatu vikigonga, na Hanadi alisubiri mpaka sauti ikaisha ndipo naye akashuka. Hakujiona shujaa. Alijiona mtu aliyemvunjia mwenzake nyumba ili asivunjiwe yeye mlango, na uzito huo alijua atatembea nao.

*

Umm Nidal aliposikia, alikaa kitako akajipiga mapaja. "Kazi imekwenda, rafiki amekwenda, na jina lenyewe hukupewa. Umerudi na nini?"

"Nimerudi na mikono."

"Mikono kila mtu anayo."

"Basi nipe sebule yako, mama, nikuonyeshe ya kwangu."

Mambo ndani ya kambi si kama nje. Mkaguzi haingii, hata wanajeshi huishia kwenye kizuizi. Hanadi alitaka chumba cha mbele, kile cha wageni, chenye makochi ya Umm Nidal yaliyofunikwa plastiki tangu harusi. Mama mkwe alipinga kutwa nzima. Wageni wapokelewe wapi, juu ya paa, pamoja na matangi ya maji? Nidal aliondoka asubuhi kwenda kazini kama kawaida.

Jioni aliingia na mfuko wa viazi begani, akaumimina jikoni. Chini ya viazi mlikuwa na vigae vyeupe, vizima, vimefungwa kwa magazeti. Saruji na vigae haviingii kambini bila kibali cha jeshi, na kibali hakipatikani. Kesho yake akaleta vitunguu. Siku iliyofuata kabichi. Umm Nidal alilalamika kwamba nyumba inanuka soko, lakini hakuna aliyemwona akimzuia.

Nidal alipopiga magoti kutandaza vigae, Hanadi alisimama mlangoni akimtazama. Alikuwa akiweka mteremko mdogo kuelekea uani, wa maji.

"Nani amekwambia utie mteremko?" akamtania.

"Mhandisi," Nidal akasema, bila kuinua kichwa. Baada ya kitambo akaongeza, "Mwite Layan aje aone."

Mchoraji wa vibao alikuwa Abu Sari, mtu mwoga kwa asili. Alikuja na rangi zake, akamvuta Hanadi kando.

"Niandike masaji? Wengi huandika masaji, hakuna anayewauliza. Au mazoezi ya viungo. Hilo nalo halina ubaya."

"Andika Mtaalamu wa Fiziotherapia. Na jina langu juu."

"Dada Hanadi, neno hilo—"

"Kubwa," Umm Nidal akasema kutoka barazani. "Mimi macho yangu hayaoni vidogo. Umemwelewa au nije niandike mimi?"

Abu Sari aliandika.

Walianza kuja wanawake wa kambini wenye migongo iliyolemazwa na kuchuma machungwa, kisha vijana waliovunjika kazini, waliofungwa plasta na kuachwa hivyo hivyo. Malipo yalikuwa ya kambini: wengine walilipa, wengine walileta mafuta ya zeituni, wengine waliahidi. Hakuingiza nusu ya alichopata kwa Rola. Layan alihamishwa shule, akalia siku mbili, akapata marafiki wapya.

Asubuhi moja ulisikika ubishi kutoka kwenye kizuizi. Hajj Munif alikuwa ameshuka garini mwake na mkongojo, na mwanajeshi kijana alikuwa akimuuliza mzee wa Kilebanoni anatafuta nini kambini. "Natafuta afya," mzee alikuwa anasema, "na wewe unanizuia. Niandike jina la mama yako nimlalamikie?" Alipita. Alipofika chumbani alikuwa anatweta, uso mwekundu, lakini alikuwa amekuja kwa miguu yake tangu kizuizini, na mguu wa kushoto haukuburuta sana.

"Rola ndiye aliyenielekeza," akasema akiketi.

Hanadi alikuwa anakunja taulo. Akaacha. "Kasema nini kingine?"

"Kasema nikwambie usinionee huruma, mimi mvivu." Mzee alitazama vigae, akatazama dari, akatazama kila kitu ila yeye. "Siku ile nilisema neno."

"Uliuliza tu, Hajj."

"Niliuliza vibaya."

"Vua kiatu," Hanadi akasema.

*

Simu ililia wakati chumba kimejaa. Wanawake watatu kwenye benchi, Umm Nidal katikati yao akiwagawia kahawa na kuwaeleza magonjwa yao. Hanadi alikuwa na mafuta mikononi, akabana simu kati ya sikio na bega.

"Naongea na Hanadi?" Sauti ya mwanamume, kijana, ya kikarani.

"Ndiye."

"Hapa ni ofisi ya Baraza. Tumeletewa picha ya kibao. Ni kweli umeweka kibao?"

"Ni kweli."

"Kimeandikwa nini?"

"Si unayo picha?"

"Haisomeki vizuri. Kuna nguo zimeanikwa mbele."

Hanadi alimtazama Umm Nidal, ambaye alitazama pembeni. Akakisoma kibao kwa karani, neno kwa neno, bila haraka.

"Unajua kwamba hilo ni kosa?" karani akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeulizia njia.

"Najua. Aliniambia mwenyekiti."

"Kwa hiyo itabidi nikuandike."

"Andika."

"Jina kamili?"

"Hanadi Qasim Mawed. Hanadi kwa herufi he, si kwa ha ya kooni. Watu hukosea."

"Kwa he," karani akarudia. Kalamu ilisikika. "Kazi? Hapa pana nafasi ya kazi, lazima nijaze."

"Unaniandikia kosa gani?"

"Kujiita mtaalamu wa fiziotherapia."

"Basi jaza hilo."

Kijana alisita. Kwa mbali nyuma yake kulikuwa na simu nyingine inalia na mtu anacheka. Kisha kalamu ikasikika tena, ndefu zaidi mara hii.

"Nisomee ulichoandika," Hanadi akasema.

"Kwa nini?"

"Nataka kusikia."

Akasoma. "Hanadi Qasim Mawed. Wa Burj Shamali. Mtaalamu wa fiziotherapia. Bila kibali."

"Sawa," Hanadi akasema. "Hujakosea popote."

Akakata simu. Akajifuta mafuta, akanawa, akamwita aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi.